Barabara Tuliyomfagilia Mgeni

Kabla sijasema lolote juu ya watu wa bima, wacha niseme mimi ni nani, maana kuna wanaofikiri nilizaliwa na usukani mkononi. Nilisoma mpaka darasa la tatu, basi. Baba alipokufa niliteremka kutoka Wusi, kwetu mlimani, na shati moja, nikaenda kukata mkonge. Nikakata mkonge miaka miwili, nikawa kijana wa kupaka matrekta grisi, nikaendesha trekta, kisha lori. Hakuna aliyenifundisha. Nilitazama. Nipe injini leo, na umri huu wangu na jicho moja limeanza kuingia ukungu, nitakuambia inaumwa wapi kwa kuisikiliza kutoka ng'ambo ya barabara, na wale vijana wenye vyeti vya ufundi watakuwa bado wanahangaika kufungua boneti.

Landrova niliinunua ikiwa maiti. Ilikuwa imetupwa nyuma ya stoo ya shamba la mkonge, kuku wanataga juu ya kiti cha dereva. Mzungu aliyeniuzia alicheka nilipomwambia itatembea. Miezi saba baadaye nilimpita kwenye barabara ya Mwatate nikimpigia honi mpaka mkono ukachoka. Nyuma nilifunga kitanda cha chuma, pazia la buluu, na ndoano ya kuning'iniza chupa ya maji ya dawa. Ubavuni nikaandikisha AMBULENSI kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, hata asiyejua kusoma ajue. Miaka ile ya sabini gari la serikali lilikuwa moja na milima ni mingi. Mgonjwa wa kupasuliwa ilikuwa lazima ashuke Voi, na aliyemshusha ni mimi. Watoto wangapi wa Wusi walizaliwa nyuma ya mgongo wangu? Sijui. Wengine sasa wana ndevu.

Sikuwa peke yangu. Nilimwajiri dresa mmoja mstaafu, mzee mwembamba aliyefunga vidonda vya watu tangu enzi za ukoloni. Yeye alikaa nyuma na mgonjwa. Mimi niliangalia barabara, yeye aliangalia pumzi. Alikuwa na mdomo, huyo mzee, lakini mikono yake ilikuwa safi.

Sasa bima. Wenye mishahara, yaani walimu, makarani na watu wa reli, walikatwa kila mwezi pesa ya bima ya hospitali ya serikali. Mtu wa bima akiugua, namshusha, daktari anatia sahihi karatasi, nayo ofisi ya Mombasa inanilipa. Mkulima hakuwa na bima. Mkulima alinilipa mkungu wa ndizi, au kuku, au alinitakia baraka. Sikumdai. Ile safari ya mwalimu mmoja ndiyo iliyonipa mafuta ya kuwashusha wakulima wawili. Ofisi haikujua hivyo, wala sikuwa na haja ya kuiambia. Ndivyo mlima mzima ulivyobebwa.

Mwanzoni tulipatana kila safari kivyake. Halafu ofisi ikasema hapana, sharti kuwe na bei moja inayojulikana, kilomita kwa kilomita, na kila barabara ipewe daraja lake. Daraja la kwanza barabara kubwa, la pili barabara nzuri ya ndani, la tatu barabara mbaya. Daraja la tatu lililipwa mara mbili na zaidi ya la pili, na gari lililipwa kupanda tupu na kushuka na mgonjwa. Daraja la pili lililipwa kushuka tu. Tuliitwa mkutanoni Mwatate tukaelezwa hivyo na afisa aliyetoka Mombasa, kijana wa miaka thelathini hivi, kiatu kinang'aa, kalamu tatu mfukoni. Nakiri alieleza vizuri. Kila mtu alielewa, hata mimi. Akasema atakuja mwenyewe kuziona barabara kwa macho yake, asije akaambiwa uongo na wenye magari.

Hilo neno la mwisho lilinichoma. Uongo gani? Nikasimama mbele ya chifu na watu wote nikamwambia, "Bwana mkubwa, hii landrova haijui mlima. Njoo Wusi, nitakupandisha, na chai yako haitamwagika."

Watu wakapiga makofi. Nami nikakaa chini nimeridhika, kama mtu aliyeshinda kesi.

Sasa nieleze barabara ya Wusi ilivyokuwa, kwa wasioijua. Kutoka barabara kubwa unapanda kwa gia ya kwanza karibu njia nzima. Kuna kona moja ambayo lazima uichukue mara mbili: uende mbele, urudi nyuma mpaka tairi la nyuma linuse hewa, ndipo upate kupita. Kuna mahali maji ya mlimani yamejichimbia mfereji katikati, unaweka tairi moja huku na moja kule na kumwomba Mungu. Mvua ikinyesha, ule udongo mwekundu unakuwa sabuni. Nilivunja springi mbili kila msimu. Klachi nilibadilisha mwenyewe, nimelala chali kwenye matope, na mgonjwa yuko ndani anangoja.

Hiyo ndiyo barabara ambayo afisa alitakiwa kuiona.

Basi sikia tulichofanya. Wiki moja kabla hajaja, chifu alipiga baraza, akasema mgeni wa serikali anakuja na Wusi haitaaibika. Huko kwetu mgeni hapiti pachafu. Mtu hata akiwa na njaa hufagia uwanja, huazima kikombe kwa jirani, na mgeni huondoka akifikiri ameingia nyumba ya tajiri. Ndivyo tulivyolelewa. Watu wakatoka na majembe kama wanaenda kulima shamba la mfalme. Siku nne. Akina mama walibeba mawe kwa vikapu, wanaume wakajaza ule mfereji, wakashindilia changarawe, wakafyeka majani kando, wakaipanua ile kona kwa sururu. Mimi je? Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi. Nilisimama juu ya boneti nikiwaelekeza pa kuweka mawe. Nilileta mchanga kwa landrova yangu, safari sita, mafuta yangu mwenyewe. Dresa aliniuliza mara moja tu kama nina hakika tunafanya kazi ya nani. Nikamwambia anyamaze, hii ni heshima.

Afisa alikuja kukiwa kukavu, jua zuri. Nilikuwa nimeliosha gari mpaka ndani ya injini. Alikaa mbele pembeni yangu, nikapanda naye kama bibi harusi. Kona nikaichukua mara moja. Sikugusa gia ndogo. Yeye anaandika, anatazama nje, anaandika. Tulipofika juu akaniuliza, kwa upole kabisa, "Barabara huwa hivi, mzee?"

Nami nikamjibu, "Huwa hivi siku zote, bwana mkubwa. Sisi si washenzi."

Alikula kimanga chetu cha muhogo na maharage, akala nyama ya mbuzi, akasifu hewa ya mlimani. Akina mama wakamfungia ndizi apeleke kwake.

Barua ilikuja baada ya wiki tano. Mimi kusoma nasoma, lakini Kiingereza cha ofisi kina miiba, kwa hiyo niliipeleka kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi ya huko juu, rafiki yangu, tuliyekuwa tukiitana ndugu. Alisoma mara moja kimya. Kisha akanisomea. Barabara ya Wusi ni daraja la pili. Afisa ameiona kwa macho yake. Kupanda tupu hakulipwi, kumngoja mgonjwa hakulipwi, na bei ya kilomita ni hiyo hiyo ya kule bondeni kwenye tambarare, mahali mwendesha baiskeli anapita akipiga mluzi.

Niliwasha gari siku hiyo hiyo nikaenda Mombasa. Ofisini nikakutana na karani, si yule afisa. Nikamwambia barabara ile ilitengenezwa kwa ajili ya siku moja tu ya mgeni, na mvua imeshanyesha, na mfereji umefunguka tena, na kona imekula mawe yote. Akatazama faili. Akasema barabara imeshaonwa. Nikasema iangaliwe tena. Akasema ikishaonwa imeonwa, nilete ripoti ya injinia. Nikamuuliza injinia gani atakayeijua barabara ile kuliko mtu aliyelala chini ya gari juu yake miaka minane. Akaniambia nipunguze sauti. Sikupunguza. Nilimwambia bei yake imepangwa na mtu aliyepanda mlima mara moja maishani, amekaa kwenye kiti changu, tumbo limejaa mbuzi wetu. Askari wa mlangoni akanishika kiwiko. Hata leo nikipita mtaa ule natema mate, na sioni haya kuandika hivyo.

Nikarudi nikafanya nilichoapa njiani kote kutoka Mariakani. Nikamwendea chifu, nikamwambia landrova haipandi Wusi tena. Si kwa mwalimu, si kwa mkulima. Mwenye mgonjwa amshushe mpaka barabara kubwa, hapo nitampokea, maana hapo bei inatosha. Nilimwambia serikali imesema barabara ni nzuri, basi waitumie. Nilitaka kelele zipande mpaka Mombasa. Nilifikiri wiki mbili tatu za machela, na ofisi itaomba radhi.

Dresa hakubishana mbele ya chifu. Aliningoja kwenye gari.

"Waliopanga bei wako Mombasa," akaniambia. "Sasa unamfungia mlango nani?"

Nikamwambia kama ana pesa za springi azitoe. Akapanda nyuma akavuta pazia. Tukarudi Voi.

Kelele hazikupanda. Hilo ndilo sikulijua kuhusu watu wetu, na mimi ni mmoja wao. Hawakupiga kelele. Walitengeneza machela, wakapangana zamu, wakaanza kubeba.

Wiki ya nne ya mvua, asubuhi, mtu alikuja mbio mpaka Mwatate nilikoegesha, matope mpaka kiunoni. Mke wa yule mwalimu, rafiki yangu, ameshikwa na uchungu tangu jana na mtoto amekaa vibaya. Mkunga ameinua mikono. Mwalimu anaomba gari.

Nataka nieleze hapa sawasawa, nisijipake mafuta. Ningeweza kupanda. Matairi yalikuwa na minyororo. Niliwahi kupanda kwenye mvua mbaya kuliko ile. Lakini nilikuwa nimeshasema mbele ya chifu na watu wote, na nilifikiri: huyu ni mtu wa bima, tena mwalimu anayejua kuandika barua. Akishushwa kwa machela, ofisi itasikia. Nikamwambia yule mtu, "Waambie wamlete barabarani. Nitakuwa hapo na gari limewashwa."

Dresa alichukua mfuko wake akashuka. Alianza kupanda kwa miguu, mzee wa miaka sitini na zaidi, fimbo mkononi. Hakufunga hata mlango wa gari.

Walifika saa nane mchana. Wanaume wanane na kitanda cha kamba, na kwenye ile kona walikuwa wameteleza, kitanda kikaenda upande. Dresa alikuwa anatembea ubavuni, mkono wake ndani ya blanketi. Aliponiona alitikisa kichwa kidogo tu. Mtoto alikuwa ameshanyamaza tumboni. Mama alikuwa hai. Tulimpakia, nikaendesha mpaka Voi kama sijawahi kuendesha. Sitaki sifa kwa hilo. Njia hiyo ilikuwa imelipiwa.

Daktari alimwokoa mama. Mtoto alikuwa msichana.

Jioni mwalimu alinikuta nimekaa kwenye bampa nje ya wodi. Nilingoja anipige. Ningemwachia. Alikuwa mtu wa taratibu, huyo, hata chaki alizipanga kwa urefu. Akaniuliza, "Karatasi ya bima iko wapi? Nitie sahihi, ulipwe."

Nikamwambia aache. Akasimama tu na mkono umenyooshwa mpaka nikamtolea ile karatasi. Akatia sahihi, akaniandikia na tarehe vizuri, akarudi ndani.

Ndugu hakuniita tena.

Yeye ndiye aliyeandika barua. Sikuiona, wala hakunionyesha, lakini inasemekana ilikuwa kurasa sita, na hakutukana hata mara moja. Miezi miwili baadaye chifu akatangaza kwamba afisa anarudi kuiangalia upya barabara ya Wusi.

Na unajua watu wangu walifanya nini? Nilifika asubuhi, siku mbili kabla ya mgeni, nikawakuta na majembe. Wale wale. Akina mama na vikapu vya mawe, chifu na fimbo yake. Wamezika mtoto, wamebeba watu mgongoni msimu mzima, na wanafagia.

Hasira niliyoipata siku hiyo sijaipata tena. Niliiendesha landrova mpaka pale barabara inapoanza kupanda, nikaikingamisha ikaziba njia nzima, nikatoa funguo nikatia mfukoni. Nikawaambia hakuna jiwe litakalopita hapo. Chifu akanitisha na kituo cha polisi. Nikamwambia twende hata sasa hivi. Mama mmoja mzee, jirani ya marehemu mama yangu, aliyewahi kunichapa kwa kuiba miwa, akaweka kikapu chini akanikabili.

"Unataka mgeni apite kwenye matope kama ng'ombe?"

"Ndiyo, mama. Nataka apite kama sisi."

"Atatuonaje?"

"Atuone."

 Akakimwaga kikapu chake pale pale, katikati ya miguu yangu, akaenda zake. Sijui hata leo kama alikubali au alinitusi. Lakini wengine walimfuata. Nililala ndani ya gari siku mbili, na waliopita hawakunisalimia.

Afisa alikuja na gari lake mwenyewe safari hii, gari dogo jeupe. Niliisogeza landrova kando, akapita. Lilizama kabla ya kona ya kwanza. Nikamfuata kwa miguu, mikono nyuma. Aliniomba nimpandishe kwa landrova, nikamwambia landrova imechoka, mguu uko. Akapanda kwa miguu. Kwa haki yake lazima niseme alipanda mpaka juu, na kiatu kimoja kilibaki kwenye mfereji tukakivuta kwa mti. Alipima ile kona kwa hatua. Aliuona mteremko walipoteleza wale wenye kitanda. Alioneshwa na mwalimu, si mimi. Mwalimu alimwonesha kwa kidole, bila maneno mengi, kama anaonesha ramani ubaoni.

Tuliposhuka, afisa alikaa kwenye bampa yangu kukwangua matope. Nami nilikuwa nimejiandaa kumwambia yote, kila neno nililokuwa nimelinoa tangu siku ya yule karani. Akanitangulia.

"Kwa nini mara ile mlinificha?"

"Hatukukuficha. Tulikukaribisha."

"Nilikuuliza, mzee. Nilikuuliza wewe, barabara huwa hivi? Nilikuwa na kalamu mkononi."

Nikaokota kijiti nikaanza kumkwangulia kiatu. Mimi, mwenye jibu la kila mtu kutoka Voi mpaka Taveta. Nilimkasirikia zaidi kwa kuwa alisema kweli. Ndiyo, aliniuliza. Lakini mtu anayepanga bei ya uhai wa watu, anauliza mara moja tu, mbele ya chifu, akiwa amekalia kiti cha mgeni? Hajui kwamba mwenyeji hawezi kulaumu nyumba yake mbele ya mgeni? Alikuwa mtu wa Pwani, alizaliwa katika nyumba inayofagiwa kama zetu. Alijua. Au alisahau alipopewa zile kalamu tatu.

Bei ilibadilishwa. Daraja la tatu, kupanda na kushuka, masika na kiangazi. Ilikuja kwa barua ya mistari minne, kana kwamba ni jambo dogo, na haikumtaja mtu. Landrova ikarudi mlimani wiki hiyo hiyo. Dresa, aliyeacha kazi tangu siku ya kile kitanda cha kamba, alirudi pia. Sikumwomba radhi, naye hakuniomba. Alipanda tu nyuma akaanza kukunja mashuka. Nimebeba watu wengi baada ya hapo, na gari la pili nikanunua, na la tatu, jipya, na mimi ndiye mtu wa kwanza kutoka Wusi kufanya hivyo. Hakuna wa kunipokonya hilo.

Lakini mwaka uliofuata nilikuwa nateremka gari tupu, kiangazi, barabara nzuri kiasi chake, nikamkuta mke wa mwalimu anashuka kwa miguu. Alikuwa na tumbo tena, la miezi saba hivi. Kichwani kifurushi, mkononi kibuyu cha maji. Nikasimama. Nikamwambia apande, mimi nakwenda Voi, na hakuna karatasi wala malipo.

"Asante, shemeji," akasema. "Nimeanza mapema. Nakwenda kukaa kwa dada yangu huko Voi mpaka siku ifike."

Alisema kwa adabu kabisa. Hata alitabasamu. Kisha akaendelea kutembea.

Dresa akaniambia nimpite, namtimulia vumbi bure. Nilizima injini. Nikaiachia landrova iteremke polepole nyuma yake, mguu kwenye breki, mbali kidogo vumbi lisimfikie, kona baada ya kona, mpaka barabara kubwa. Hakugeuka.